Amri kwa seva 400: kutangaza au kuziita kwa majina?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninasimamia seva zipatazo 400. Zana tunayotumia hutangaza: naandika amri mara moja, kila seva inaisikia, na zile zinazolingana na kichujio, yaani masharti ya kuchagua seva, zinatekeleza. Wiki iliyopita nilitangaza amri ya kuwasha upya huduma moja kwenye seva zote. Majibu yakarudi 391. Nikairudia amri, yakaja 394, ila zilizokosekana safari hii hazikuwa zilezile. Mwenzangu mmoja anasema tuache kutangaza, kila seva itumiwe ujumbe wa moja kwa moja kwa jina lake. Mwingine anasema hilo litaulemea mtandao na ni kurudi nyuma. Nimsikilize nani, na zile zisizojibu nizifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kabla sijaingia kwenye ubishi wa wenzako, nikuulize jambo ambalo tayari limo ndani ya swali lako. Ulijuaje kwamba zimekosekana 9? Zana yako haikukwambia. Ilikuletea majibu 391 ikanyamaza. Ile 400 uliitoa kichwani au kwenye jedwali lenu la vifaa, ukatoa hesabu mwenyewe. Kama zingekuwa seva 4,000 na hakuna mtu ofisini anayejua idadi kamili, ungeona majibu 3,870 yakishuka kwenye skrini ukaifunga kazi kwa moyo mweupe.

Tofauti kubwa ya njia hizi mbili ipo hapo, nayo haizungumzwi vya kutosha kwa sababu watu hukimbilia kubishania kasi na mzigo. Ukitangaza, orodha ya wanaopaswa kujibu unaijua baada ya majibu kufika, kwa kuwa waliojibu ndio hugeuka kuwa orodha. Ukituma kwa majina, orodha iko mkononi kabla ujumbe haujaondoka, na kila jina lisiloleta jibu linabaki limeandikwa mbele yako likidai maelezo. Mwalimu asiye na daftari la mahudhurio akiuliza darasa "nani hayupo?", hatajibiwa hata apaze sauti namna gani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tangaza unapouliza, taja majina unapotenda. Una mipaka yake, na nitaieleza, lakini kwanza tuuchambue ukimya, maana ndio uliokufikisha hapa.

Seva isiyojibu tangazo inaweza kuwa imezimwa. Inaweza kuwa hai lakini ajenti yake, yaani programu ndogo iliyomo ndani yake inayopokea amri na kuzitekeleza, imekufa. Ajenti inaweza kuwa hai lakini muunganisho wake na broka, yaani programu ya kati inayopokea ujumbe na kuusambaza, umekatika bila yenyewe kugundua. Huenda ujumbe umeifikia, ikaona kichujio hakiihusu kwa sababu taarifa ilizonazo kuhusu nafsi yake ni za zamani. Huenda imeukataa ikidhani umekwisha muda. Huenda imetekeleza kila kitu, jibu likapotea njiani. Au bado inatekeleza, na wewe ndiye uliyeacha kusikiliza. Hizo ni sababu saba zinazohitaji hatua tofauti kabisa, na kwenye skrini yako zote zina sura moja.

Ile habari kwamba mara ya pili zilijibu 394, na zilizokosekana si zilezile, inaniambia mengi. Seva iliyokufa hukaa imekufa. Kundi la wasiojibu linapobadilika ndani ya dakika chache, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni muda wa kusubiri. Kama zana yako husikiliza kwa sekunde 10 na huduma yenu huchukua kati ya sekunde 8 na 12 kusimama na kuwaka tena, kila safari utakosa seva kadhaa, na kila safari zitakuwa nyingine. Maana yake ni kwamba seva nyingi kati ya zile ulizodhani hazikupata amri zilishaitekeleza, na uliporudia tangazo uliziwasha upya mara ya pili, pamoja na zile 391 zilizokuwa zimekwisha kujibu. Kwa kuwasha upya huduma huenda hakuna aliyeumia. Ingekuwa amri ya kuhamisha data au kuongeza mstari kwenye faili la mipangilio, leo ungekuwa na swali jingine kabisa.

Kwa hiyo usirudie amri kabla ya kutafuta matokeo ya ile ya kwanza. Zana nyingi huipa kila amri namba ya kazi. Katika Salt, kwa mfano, ambayo ni zana mojawapo ya kutangaza amri, muda wa msingi wa kusubiri ni sekunde 5, kisha seva kuu huanza kuuliza kama kazi bado inaendelea huko ilikotumwa. Seva iliyolemewa hadi ikashindwa kujibu hata swali hilo huonekana kana kwamba haipo, ilhali kazi haikusimama. Matokeo yakifika baadaye yanahifadhiwa kwenye seva kuu chini ya namba ya kazi, kwa saa 24 usipobadilisha mipangilio. Itafute namba hiyo kwanza. Ndipo utajua kama una tatizo la seva au la subira.

Ukibaki na chache zisizojibu kamwe, kagua saa zake. Nalisisitiza hili kwa sababu ni sababu inayosahaulika sana na ni rahisi mno kuiondoa. Zana kama MCollective na mrithi wake Choria hubandika kila ujumbe wakati ulipotumwa na muda wake wa uhai. Kwa MCollective muda huo kwa kawaida ulikuwa sekunde 60. Seva ambayo saa yake imetangulia dakika mbili huupokea ujumbe, huona umeshapitwa na wakati, na huutupa. Ukiiingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, utaikuta hai, ajenti inaendesha, mtandao safi, na utapoteza saa nzima ukitafuta hitilafu isiyokuwepo. Hakikisha NTP, inayolinganisha saa za mashine kupitia mtandao, inafanya kazi kila mahali, kisha isome logi ya ajenti, yaani kumbukumbu ya matukio yake, kwa kuwa ujumbe uliotupwa kwa ajili ya muda huandikwa humo.

Sasa tumgeukie mwenzako anayehofia mtandao. Nadhani anafikiria tangazo kama ujumbe mmoja unaopita kwenye waya ukasikika na seva zote kwa pamoja. Kwenye zana hizi mambo hayaendi hivyo. Salt, MCollective, Choria na nyingine za aina yao kwa kawaida hupita juu ya TCP, yaani mawasiliano ya mashine mbili kwa muunganisho wao wenyewe. Kila seva imefungua muunganisho wake hadi katikati na kuuacha wazi, na kila muunganisho lazima upelekewe nakala yake. Unapotangaza, wewe unatuma ujumbe mmoja na katikati pale zinatoka nakala 400. Unapotuma kwa majina, nakala 400 zinaanzia kwako. Amri ya kilobaiti 2 mara 400 ni kilobaiti 800. Hata megabaiti moja haifiki. Kwa ukubwa wenu hilo si jambo la kumnyima mtu usingizi.

Mzigo unaostahili kuogopwa ni wa majibu. Seva 4,000 zikirudisha kilobaiti 50 kila moja, ni megabaiti 200 zinazoivamia programu moja kwenye kompyuta yako ndani ya sekunde chache, na programu hiyo lazima izifungue, izihakiki na kuzionyesha. Hapo ndipo majibu hupotea, na hapo kutangaza hakukusaidii chochote. Kinachosaidia ni kuomba jibu fupi, au kutuma kwa mafungu, jambo linalohitaji orodha.

Lakini nadhani najua hofu yake imetoka wapi. Wengi wetu tulianza kusimamia seva kwa SSH, na kwa SSH kila seva inadai muunganisho mpya, mapatano ya funguo na kuingia. Ansible, zana inayosimamia seva kwa SSH, haitangazi hata kidogo; inaifuata kila seva iliyo kwenye orodha yako, na usipogusa mipangilio inashughulikia seva 5 kwa wakati mmoja. Seva 400 kwa tano-tano ni raundi 80. Kila hatua ikichukua sekunde 3, hatua moja tu imekula dakika 4. Ukipandisha `forks`, yaani idadi hiyo ya seva kwa wakati mmoja, hadi 50, hatua hiyohiyo inashuka hadi sekunde 24. Uzito ule ulikuwa wa kufungua miunganisho upya kila safari. Ujumbe wa majina unaopitia broka, ambayo seva zote tayari zimeunganishwa nayo, hauna uzito huo. Na ukitazama ripoti ya Ansible utaona kitu ambacho zana yako haikukupa: seva iliyoshindwa kazi imetengwa na seva isiyofikika, na kila moja imetajwa kwa jina.

Basi kutangaza kuna faida gani? Kubwa sana, pale ambapo hujui wahusika ni nani. Kumbuka Aprili 2014 udhaifu wa Heartbleed ulipotangazwa kwenye OpenSSL, maktaba ya programu inayosimba mawasiliano. Matoleo ya 1.0.1 hadi 1.0.1f yalikuwa na tatizo, na 1.0.1g ndiyo iliyolitibu. Siku ile swali la kila msimamizi lilikuwa moja: seva zipi zinalo? Jedwali la vifaa halikuweza kulijibu, kwa sababu huandika jina la seva na kazi yake, mara chache huandika toleo la kila maktaba iliyomo ndani. Aliyekuwa na njia ya kutangaza aliuliza mara moja, na seva zenyewe zikasema zina nini. Hata seva iliyoundwa asubuhi hiyo na ambayo hakuna aliyekumbuka kuiandika popote ilijibu, kwa kuwa ilikuwa imeunganishwa. Uwezo huo sikushauri uutupe.

Ila hata katika kuuliza, andaa swali vizuri. Kwenye Heartbleed, Debian na Red Hat waliweka kiraka bila kubadilisha herufi ya toleo, hivyo seva iliyojibu "1.0.1e" ingeweza kuwa imepona au kuwa mgonjwa, ilipasa uulize namba kamili ya kifurushi. Tena kuweka kifurushi kipya hakukutosha, kwa sababu programu zilizokuwa zikiendelea zilibaki na maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu hadi ziwashwe upya. Na zile zilizonyamaza? Usizihesabu kuwa salama. Seva ambayo ajenti yake imekufa miezi kadhaa na hakuna aliyegundua ndiyo hiyohiyo ambayo haijawekwa viraka miezi kadhaa. Kwa hiyo kila baada ya swali la kutangazwa, linganisha majina yaliyojibu na majina mnayoyajua kutoka chanzo kingine: jedwali la vifaa, akaunti ya wingu, DNS (orodha ya majina ya mashine na anwani zake), mfumo wa ufuatiliaji. Yaliyopo kule na hayapo huku ni kazi yako ya kwanza. Yaliyojibu bila kuwepo popote ni ya pili, nayo mara nyingine inatisha zaidi.

Hatari ya kutangaza huja unapotangaza kitendo. Fikiria kinachotokea ukikosea. Ukikosea jina kwenye orodha, utaambiwa seva hiyo haipo, au kwa ubaya zaidi utaigusa seva moja isiyohusika. Ukikosea kichujio, ukaacha herufi, au kigezo kilichotoka kwenye hati kikaja kitupu, zana nyingi zitaelewa kwamba hakuna masharti, na pasipo masharti wahusika ni wote. Ndiyo sababu yangu kubwa ya kupendelea majina.

Tarehe 28 Februari 2017 huduma ya kuhifadhi data ya S3 ya Amazon, kwenye kanda yao ya Virginia Kaskazini, ilianguka kwa saa kadhaa ikaangusha tovuti nyingi pamoja nayo. Amazon wenyewe walieleza: mhandisi aliyekuwa akifuata mwongozo uliokubalika alitoa amri ya kuondoa seva chache, akakosea ingizo moja, zikaondolewa nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Baadaye walibadilisha zana ile iondoe seva polepole zaidi, na isikubali kushusha sehemu yoyote ya mfumo chini ya kiwango cha chini kinachohitajika. Sidai kwamba kosa lile lilikuwa la kutangaza. Ninachokuomba uone ni tiba waliyoichagua: zana ijue idadi ya itakazogusa kabla ya kuzigusa, na ikatae. Zana inayotangaza kitendo haiwezi kukataa kwa sababu ya idadi, maana haijui idadi hadi kitendo kimeshafanyika.

Waandishi wa zana hizi waliligundua hili mapema. MCollective, aliyoiandika R.I. Pienaar na kuchukuliwa na kampuni ya Puppet Labs mwaka 2010, mwanzoni ilikuwa ya kutangaza tupu. Toleo la 2.0 la mwaka 2012 likaongeza njia ya kuiandikia seva kwa jina, na ile ya zamani ikabaki. Mtumiaji aliendelea kugundua seva kwa tangazo, kisha zana ikishapata majina iliweza kutuma kitendo kwa majina hayo tu na mwishoni ikataja ambayo hayakujibu. Kufanya kazi kwa mafungu kuliwezekana kwenye njia hii ya majina peke yake, na sababu iko wazi: huwezi kusema "ishirini za kwanza" kama huna orodha ya kuhesabia. Puppet waliiondoa MCollective kwenye toleo lao la 6 mwaka 2018, lakini Choria, ya Pienaar huyohuyo, inaendeleza mpango ule juu ya broka iitwayo NATS.

Nakushauri ufuate mpango huohuo. Tangaza swali lisilobadilisha kitu: nani ana huduma hii, na ni toleo gani? Linganisha na jedwali. Orodha ikikamilika, iandike kwenye faili na uigandishe. Mwonyeshe mwenzako mistari 400 hiyo, isomwe kwa macho. Kisha tuma kitendo kwa majina ya kwenye faili, fungu la kwanza likiwa dogo sana, seva 2 au 3, subiri uone huduma imewaka sawasawa, halafu ongeza. Kila fungu likimalizika, kila jina lazima liwe katika hali moja kati ya tatu: limefanikiwa, limeshindwa, halijajibu. Jumla ikipungua idadi ya majina ya fungu hilo hata kwa moja, simama.

Mafungu hayo hayalindi seva peke yake, yanalinda pia vile vinavyotumiwa na seva zote. Tuseme unasasisha kifurushi cha megabaiti 80. Ukitangaza, seva 400 zinaikimbilia hazina moja ya vifurushi kwa sekunde moja, jumla gigabaiti 32. Kwa kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde, ambacho hata kikijaa kabisa hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde, ni zaidi ya dakika 4 za msongamano mtupu. Njiani nyingi zitachoka kusubiri na kurudisha kosa, nawe utadhani kifurushi kina kasoro. Hifadhidata nayo hupata kipigo kama hicho seva zote zinapowasha huduma kwa pamoja na kufungua miunganisho yake kwa mara moja. Ansible ina `serial` kwa kazi hii. Salt ina `--batch-size`, ambayo kwanza huuliza nani yuko hai, kisha huwagawia kazi kwa mafungu. Angalia tu kwamba seva isiyojibu ile salamu ya kwanza haitumiwi kazi kabisa, kwa hiyo hesabu yako ianze na faili lako, isianze na waliojibu salamu.

Mwenzako wa pili anaweza kuleta hoja moja yenye uzito, na nisingependa uidharau: orodha huchakaa. Kati ya saa uliyoigandisha na saa unayotuma, seva moja inaweza kuwa imebadilishiwa kazi, nyingine imefutwa na anwani yake kupewa mashine mpya. Kwenye mazingira ya wingu ambako seva huzaliwa na kufa kila saa, orodha ya jana ni hatari. Tiba ni mbili. Kwanza, fupisha umbali kati ya kugundua na kutenda, uwe wa dakika. Pili, weka sharti ndani ya amri yenyewe, ili seva ijihoji inapoipokea: kama bado nina huduma hii, na toleo ni lile lililotajwa, natekeleza, la sivyo narudisha jibu kwamba sihusiki. Ukifanya hivyo unapata uzuri wa pande zote. Seva inaamua kwa taarifa za sasa hivi kama inavyofanya kwenye tangazo, lakini uamuzi wake wa kutohusika unakufikia kama jibu lenye jina.

Sharti hilo linakusaidia pia kwenye kurudia. Amri inayosema "hakikisha toleo ni hili" unaweza kuituma mara 5 bila madhara. Amri inayosema "ongeza" au "washa upya" haina ulinzi huo, hivyo iambatanishe na sharti la wakati: washa upya ikiwa huduma iliwaka kabla ya saa fulani. Ukiziandika hivyo, zile seva za wiki iliyopita zingeweza kutumiwa tena bila wasiwasi.

Ukihamia kwenye majina kupitia foleni, jihadhari na ujumbe unaosubiri. Kwenye NATS ya kawaida, seva isiyokuwepo ujumbe unapopita imeukosa moja kwa moja. Lakini ukiweka foleni za kudumu, tuseme kwenye broka nyingine iitwayo RabbitMQ, ujumbe wa seva iliyozimwa utakaa unaingoja. Seva ikirudi siku ya tatu, katikati ya saa za kazi, itatekeleza amri ambayo kila mtu ameshaisahau. Weka muda wa uhai kwenye kila ujumbe wa kitendo, uwe mfupi, na muda ukiisha jina lirudi kwako kama halijajibu.

Kuna suala la siri pia, fupi lakini zito. Tangazo linasikika na wote, hata wasiohusika. Katika Salt ujumbe unaotangazwa husimbwa, lakini kwa ufunguo wa pamoja ambao kila seva iliyokubaliwa inao. Ukiweka nenosiri la hifadhidata ndani ya amri inayolenga seva 3, seva zote 400 zimelipokea, na mvamizi aliyekaa kwenye moja kati yake analisoma. Nenosiri lisiwe ndani ya amri kamwe. Lipitie njia inayoisimbia kila seva kwa ufunguo wake. Salt wana pillar kwa ajili hiyo.

Na si kila badiliko linahitaji ujumbe. Kwa mambo yasiyo ya haraka, kama mipangilio ya logi, akaunti za watumiaji au orodha ya vifurushi, iache seva ije kuchukua yenyewe. Ajenti ya Puppet, kwa mfano, huja kila dakika 30 kuuliza inapaswa iweje. Seva iliyokuwa imezimwa wiki nzima ikiwaka itajikuta iko nyuma na itajirekebisha bila wewe kuikumbuka, jambo ambalo ujumbe, wa tangazo au wa jina, hauwezi kukufanyia. Ningeanza kwa kuhamishia huko kila kinachohamishika, nikabakiza ujumbe kwa mambo yanayotaka kufanyika sasa na kwa mpangilio.

Limebaki jambo moja ambalo kwalo ningetangaza kitendo bila kusita: kusimamisha kitu kinachodhuru. Programu inafuta data ya wateja, au ufunguo umeibwa na unatumika dakika hii. Hapo seva 391 zilizosimama sasa ni bora kuliko 400 zitakazosimama baada ya kuandaa orodha. Andaa amri hiyo leo, kabla haijahitajika. Iwe ya kusimamisha tu, isiyo na kigezo cha kuandika kwa mkono chini ya shinikizo, na ambayo ikitekelezwa mara mbili haina madhara. Ukishaitangaza, chukua faili la majina uanze papo hapo kuzifuata moja moja zile ambazo hazijathibitisha, na isiyofikika kwa broka wala kwa SSH ikatwe kwenye mtandao hadi mtu aifikie.